Mwanafunzi wa Bweni Haegeshi Ndani

Chuo nilichosoma kipo Njombe, juu kidogo ya Mjimwema, kwenye kilima ambacho aliyekichagua, nina hakika, alikuja kukiangalia akiwa ndani ya gari. Sitakitaja jina. Nikikitaja watasema nimewatangaza, na watanialika kwenye mahafali nikae mbele na kitambaa cheupe mezani. Nawajua vizuri watu wale.

Getini palikuwa na bango la bati lenye masharti ya chuo, na sharti lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote halikuhusu wizi, wala ulevi. Lilihusu maegesho. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuingiza wala kuegesha chombo cha moto ndani ya uzio. Mwanafunzi wa kutwa, yule anayelala kwao au aliyepanga mtaani, huyo ruksa: anapewa stika, anaingia na pikipiki yake mpaka mlangoni mwa darasa. Anayelala humohumo chuoni ndiye akiache chombo chake nje, barabarani. Siku ya kutukaribisha, mwenzetu mmoja aliuliza sababu. Matroni, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa mabweni, alijibu kwamba mtu wa bweni anaishi hapahapa, sasa anakwenda wapi hata ahitaji usafiri. Ukumbi mzima ukacheka. Eti hiyo ndiyo hoja. Mtu amesoma, amepewa ofisi na kiti cha kuzunguka, anasimama mbele ya watu wazima anasema maneno kama hayo bila haya usoni.

Ungedhani basi nafasi ilikuwa finyu. Thubutu. Palikuwa na banda la magari refu kuliko bweni letu, lina paa la bati la rangi na sakafu ya saruji iliyopigwa nili. Watumishi wengi walikuja kwa bodaboda au kwa miguu, kwa hiyo humo lilikaa gari la mkuu wa chuo, na pikapu ya chuo ambayo ilisimamishwa juu ya mawe kabla sijafika na niliiacha palepale. Kwingine kote ni kuku wa matroni, na wakati wa mavuno, mahindi. Huku kwetu ukungu unaweza kushuka asubuhi na usiondoke kutwa, kukausha mahindi nje ni kubahatisha tu, na watumishi walikuwa wamegundua kwamba banda lile lina paa juu na upepo unapita pande zote. Basi kila mmoja alikuwa na kipande chake kilichotengwa kwa matofali. Mwalimu wa takwimu na mhasibu waliwahi kutukanana mbele yetu kwa sababu tofali lilisogezwa. Hao ndio waliokuwa wanatufundisha utawala bora.

Mwenzangu wa chumba alitoka Ludewa, kule chini ziwani, kwenye watu wa dagaa na mihogo. Miguu yake ilipooza akiwa mtoto mdogo, akawa anatembea kwa magongo mawili ya chuma. Kwao ni ufukweni, na kwenye tambarare alikuwa anakwenda vizuri tu, tena ana maneno mengi njiani kiasi kwamba wewe mwenye miguu mizima ndiye unayechoka. Lakini chuo kile hakikuwa na tambarare. Bweni la wasichana lilikuwa chini karibu na geti, madarasa yalikuwa juu kabisa, na katikati kulikuwa na njia mbili. Moja ni barabara ya kokoto inayozunguka kilima, ya magari. Nyingine ni njia ya mkato, ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, na ikinyesha mvua udongo ule unateleza hata mbuzi anafikiria.

Yeye alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Baba yake alikwisha kufariki, na wajomba zake walikuwa wamekaa kikao wakakubaliana wamsomeshe yeye, mwenye magongo, wawaache wengine kwanza, kwa sababu wengine wanaweza kulima na kuvua. Aliniambia hivyo wiki ya kwanza tukiwa tunatandika vitanda. Nilielewa. Akikwama pale kilimani, hakuna kingine kilichokuwa kinamsubiri.

Na alikuwa anakwama. Muhula wa kwanza alikuwa anatoka bwenini kabla ya watu wote, bila chai, na bado anaingia darasani somo likiwa limekwenda. Mahudhurio yalikuwa yanachukuliwa mwanzoni mwa kipindi. Aliyechelewa, hayupo. Aliyezidisha kutokuwepo, haingii kwenye mtihani. Mwalimu mmoja alikuwa anamwona kabisa dirishani akipanda, magongo yanazama kwenye tope, naye anafunga daftari la mahudhurio huku anamtazama. Ningekuwa na jiwe mkononi siku zile ningefungwa.

Likizo ya Krismasi hakwenda kwao, njia ya ziwani wakati wa mvua ni kujitakia makubwa. Nikaja naye kwetu Mahongole, Makambako. Mama, ambaye kwao ni Kichiwa na hana aibu ya kuuliza, alimwuliza kila kitu siku ileile: miguu, chuo, kilima, wachumba. Kaka yangu alikuwa anasikiliza tu. Kaka ana karakana ya kuchomelea pale barabara kuu, anatengeneza mageti na matela. Alimwuliza kama huko kwao hakuna pikipiki iliyokaa bila kazi. Ilikuwepo, kuukuu ya mjomba mmoja. Ikapakiwa kwenye lori la dagaa linalokuja Makambako, na kaka akaikata nyuma, akaifunga ekseli na magurudumu mawili, gia akaihamishia mkononi, na ubavuni akachomelea bomba la kuwekea magongo. Ilikuwa haina paa wala mapambo, lakini sisi tuliiita bajaji.

Mwenzangu alijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule ya jirani. Siku ya kwanza alivamia goli. Siku ya pili mama alikuwa amekaa nyuma kama bibi harusi, amejifunga kitenge kichwani, anasalimia watu kamwene, kamwene, huku na huku. Mwenzangu alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akifika mahali kabla yangu, na siku hiyo alinizunguka mara nyingi makusudi, ananiambia nikaze mwendo. Nilifurahi, nisiseme uongo, nilifurahi kama vile ni mimi niliyepewa miguu.

Likizo ilipoisha tulirudi nayo Njombe sisi wawili, mimi nyuma na mabegi na gunia la maparachichi la kuwapelekea wenzetu. Baridi ilituchapa njia nzima, midomo ikawa haishikani. Tulipofika getini mlinzi alitusalimia vizuri sana, akaisifia bajaji, akaizunguka, akagonga magurudumu kwa mguu. Kisha akasema haiingii. Mwenye bajaji ni mwanafunzi wa bweni, na sharti lile lilikuwa linasomeka pale juu ya kichwa cha mlinzi.

Tukaiacha nje, kando ya kibanda cha mama mmoja wa chipsi aliyetukubalia kwa moyo mweupe, tukaenda kwa matroni. Nilienda nina uhakika. Nilidhani ni jambo la kueleza tu, kwamba mtu akiona magongo na akisikia bajaji atatia akili mwenyewe. Nilikuwa bado sijamjua binadamu mwenye cheo kidogo.

Matroni alikuwa na jiko la mkaa ofisini, anakunywa chai na viazi vya kuchemsha. Aliinamisha kichwa upande kwa huruma, akasema pole mwanangu, pole sana, Mungu ana makusudi yake. Kisha akasema haiwezekani, kwa sababu akimruhusu huyu, kesho bweni zima litakuja na pikipiki. Nikamwuliza bweni zima lina wangapi waliopooza miguu. Akaniambia nina mdomo. Mwenzangu akanibana mkono nikae kimya, akaeleza yeye mwenyewe kwa adabu zote: madam, naomba tu niitumie kutoka bwenini kwenda darasani, sitatoka nayo, sitapakia mtu. Matroni akafikiri, au alijifanya kufikiri, halafu uso ukamchangamka.

"Hamia kutwa," alisema. "Wa kutwa wanaruhusiwa."

Yaani aache kulala chuoni ili aruhusiwe kuegesha chuoni. Akapange chumba mtaani, aje kila siku na bajaji, na hapo ataingia nayo mpaka mlangoni na stika atapewa. Matroni alisema maneno hayo amekunjua mikono kama mtu aliyetoa zawadi. Hakuona kitu cha ajabu. Nimekuja kufanya kazi na watu wa namna ile tangu hapo, na nimeona wote wako hivyohivyo: sharti wakishalishika hawaangalii tena linamfanya nini mtu, wanaangalia limekaa vizuri kwenye bango.

Tulikwenda kutafuta chumba, msiseme hatukujaribu. Tulizunguka Mjimwema Jumamosi nzima. Vyumba vilikuwepo, na wenye nyumba walikuwa watu wema, lakini choo kiko nyuma, chini, kwa ngazi, na maji ni ya kuchota bombani na kubeba. Mtu wa magongo mawili anabeba ndoo kwa mkono upi? Bweni lilikuwa na maji ndani na choo kwenye korido. Mama mmoja mwenye nyumba alituangalia akasema waziwazi kwamba yeye angempokea kwa furaha, ila ataanguka kwenye zile ngazi na yeye hatasahau mpaka anakufa. Huyo hakuwa na cheo chochote na aliona kwa kutupa jicho mara moja.

Tukapanda kwa mkuu wa chuo. Huyu alikuwa mpole, na mimi tangu siku ile wapole wa maofisini siwaamini hata kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo hilo amelipokea, ila masharti yanapitishwa na bodi, na bodi itakapokaa atalifikisha. Bodi ilikuwa inakaa lini hakusema. Alitushukuru kwa kuja. Tulipotoka tulikuwa tumeshapigwa danadana kiasi kwamba tulibaki tunacheka kwenye korido. Nikaenda na kwa rais wa serikali ya wanafunzi, kijana wa tai, mwenye kutembea kama anafuatwa na kamera. Naye alikuwa anakaa bweni. Naye alikuwa na pikipiki. Alikuwa anaiegesha bandani, karibu na gari la mkuu, kwa sababu yeye ni kiongozi. Alinieleza hivyo bila kutafuna maneno, akaniahidi kulisemea suala letu. Hovyo kabisa.

Basi masika yote bajaji ilikaa kibandani imefunikwa turubai, na mwenye bajaji akawa anapanda kilima kwa magongo. Nilikuwa nabeba mkoba wake. Kuna wavulana wa darasa letu walijitolea kumbeba mgongoni, na siku moja mvua kubwa alikubali. Walipofika juu wengine walikuwa wamesimama wanapiga picha kwa simu na kushangilia. Aliniambia jioni kwamba hatabebwa tena, na hakubebwa. Alianguka mara nyingi ambazo sikuziona, nilizijua kwa tope la mgongoni. Mahudhurio yakawa yanapungua. Alipewa onyo, akapewa lingine. Akawa anasoma kwa bidii ya mtu anayefukuzwa, mazoezi yote ya darasani anaongoza, lakini kwenye mahudhurio yupo pembeni kabisa ya shimo.

Mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamejaa bandani, tukaambiwa anakuja mgeni rasmi. Ee bwana. Ungeona watu wanavyoweza kufanya kazi wakitaka. Nyasi zilikatwa. Mawe yakapakwa chokaa. Choo ambacho kilikuwa kimeziba tangu tufike kilizibuliwa. Sisi wanafunzi tukatolewa vipindini kuyajaza mahindi ya watumishi kwenye magunia na kuyahamishia kwenye chumba cha maktaba, na mwalimu wa takwimu alisimama pale akilinda magunia yake yasichanganyike. Kisha akaja mchoraji. Bandani, upande wa karibu na ofisi, akachora sakafuni alama nyeupe ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, na kwenye kibao nguzoni akaandika: Maegesho ya Watu Wenye Ulemavu.

Jioni hiyo matroni alikuja chumbani kwetu. Alikuwa hajawahi kuja. Alikaa kitandani kwangu, akamwita mwenzangu mwanangu, akasema ile bajaji iingie ndani sasa, aizoee, aioshe, na siku ya mgeni iwe imekaa pale kwenye mchoro na yeye mwenyewe awe amekaa juu yake. Mwenzangu akauliza, na mgeni akishaondoka? Matroni akasema tutaangalia.

Alipotoka nililipuka. Nilisema mambo ambayo sitayaandika, nikamwambia akatae, awaache waaibike na mchoro wao mtupu. Yeye alikuwa anatafuta kitambaa cha kuoshea.

"Acha nikae pale," aliniambia. "Labda wakinizoea pale, wataniacha."

Siku zile za maandalizi nilizipenda na nazichukia mpaka leo, kwa sababu zilionyesha jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Asubuhi anakunywa chai. Anapanda bajaji yake mlangoni mwa bweni, anazunguka kwa barabara ya kokoto, anaegesha bandani, anaingia darasani mkavu kabla ya mwalimu. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna bweni lililokuja na pikipiki. Kuku wa matroni walisogea kidogo wakampisha. Chuo kilikuwepo, kilima kilikuwepo, kila kitu kiliendelea, na mtu mmoja alikuwa anasoma kama wenzake. Alianza hata kunenepa.

Siku ya mgeni kwaya iliimba, mvua ya manyunyu ikatuheshimu ikasubiri. Rais wa wanafunzi alisoma risala, na ndani ya risala alikisifu chuo kwa kuwajali wenye mahitaji maalumu, sauti inatetemeka kwa hisia. Kisha msafara ukatembezwa, na kwa bahati ambayo haikuwa bahati hata kidogo ukapita bandani. Mwenzangu alikuwa amekaa juu ya bajaji, amevaa sare iliyopigwa pasi, magongo yamechomekwa kwenye bomba lake. Mgeni alisimama. Alimpa mkono, akamwuliza anakionaje chuo. Mkuu wa chuo alikuwa nyuma ya bega la mgeni anatabasamu, matroni pembeni anatabasamu, kamera zimenyanyuliwa. Nami nilikuwa kwenye mstari wa wanakwaya, karibu kiasi cha kusikia kila neno.

"Ni pazuri, mheshimiwa," alisema. "Naomba usiondoke mpaka nimalize mitihani, maana ukiondoka wewe na mimi natolewa hapa."

Nilidhani sasa. Nilidhani mgeni atageuka amwulize mkuu maana ya maneno yale, kwa sababu yalikuwa ya Kiswahili cha kawaida tu na mgeni alikuwa mtu mzima mwenye masikio. Mgeni akacheka. Alicheka kwanza yeye, halafu mkuu, halafu msafara wote, na mmoja wao akasema huyu binti ana vichekesho kweli. Wakapiga picha. Mgeni alimpigapiga begani, msafara ukaenda kula pilau.

Kesho yake asubuhi, tukiwa tunakunywa uji, vibarua walitumwa kuisukuma bajaji mpaka nje ya geti. Tuliikuta kibandani kwa mama wa chipsi, na mama wa watu alikuwa ameshaifunika turubai lake. Mahindi yalirudishwa bandani siku hiyohiyo. Kile kipande chenye mchoro kilikuwa kimesuguliwa kwa sabuni kwa ajili ya mgeni, kilikuwa safi kuliko vyote, na matroni akakichukua yeye. Nilipita nikamwona ameinama anayatandaza mahindi kwa kiganja juu ya yule mtu wa chokaa, taratibu, kuanzia miguu.

Akamwita mwenzangu ofisini, akamwambia amekidhalilisha chuo mbele ya mgeni na aombe radhi kwa maandishi. Mwenzangu alikataa. Alisema hajui kosa lake aliandikeje. Akarudi kwenye ngazi za udongo, na ukungu wa mwezi wa saba ukaingia, na kabla ya mitihani tukatangaziwa wasioruhusiwa kuingia kwa sababu ya mahudhurio. Alikuwemo. Nilikwenda kwa mkuu peke yangu, na safari hii sikuwa na adabu. Alinisikiliza kwa upole uleule. Alisema inauma, ila akivunja sharti kwa mmoja, masharti yote yatakuwa hayana maana.

Tuliipakia bajaji kwenye lori la kwenda Ludewa pale stendi ya malori. Kaka alikuja kutoka Makambako kutusaidia kuinyanyua, akafunga kamba na kuzivuta kuliko ilivyohitajika. Mwenzangu alikaa mbele na dereva. Mimi nililia pale barabarani mbele za watu bila kujificha. Yeye hakulia. Aliniambia niende nikafanye mtihani wangu, na nisimjibu mtu vibaya mpaka nimalize, kwa sababu mimi nina mdomo na watanifukuza. Nikafanya mtihani. Nikanyamaza.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule, mawe yakaanza tena kupakwa chokaa. Matroni akaja chumbani kwangu kwa mara ya pili katika maisha yangu yote pale. Sauti ilikuwa laini. Aliniuliza kama bado nina namba ya yule mwenzangu wa Ludewa, akasema wanamhitaji chuoni. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilisahau hasira zote, nilimwandikia namba kwenye kiganja cha mkono wake kwa kuogopa asipoteze karatasi, nikamwuliza atapewa kitanda kilekile? Akasema mengine yatafuata. Nilikitandika kile kitanda, nikaomba kwa jirani blanketi la ziada kwa sababu ya baridi.

Jua lilikuwa bado halijazama mwenzangu aliponipigia. Nilianza kupiga vigelegele kabla hajasema kitu. Akaningoja nimalize. Kisha akaniambia kwamba matroni amempigia kweli, wameongea vizuri, amemsalimia na mama yake. Mgeni rasmi anakuja na wanaomba bajaji. Yeye naye, kama mimi, alidhani anaitwa, akamjibu kwamba anaweza kuwa Njombe keshokutwa na mabegi yake. Matroni akamwambia hapana, mwanangu, wewe usijisumbue na safari ndefu yote hiyo. Tupakilie bajaji tu kwenye lori. Mtu wa kukaa juu yake tutampata hapahapa.